Handaki la Manyoni

Mmeniomba, ninyi mliobaki kwenye chumba cha kompyuta, niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kazi mkiweke kwenye ukurasa wa idara. Nadhani mlitegemea aya tatu za shukrani na picha. Picha nzuri sina, na shukrani nilizitoa siku ile mliponiaga na kunipa kiti cha kupumzikia, ambacho tangu kifike nyumbani anakikalia mume wangu. Kwa hiyo nitaandika kazi yenyewe. Habari za vyeo zimo kwenye faili langu, kama panya wa masijala wameacha kitu.

Hospitali siitaji jina, mnaijua. Nilifika pale nikiwa binti wa Ikungi mwenye cheti kimoja na sketi mbili za kazini. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka, na harufu ya sabuni haikuwahi kutoka. Kulikuwa na kompyuta nne zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, na mtu mzima mmoja amepiga magoti chini ya meza, tochi mdomoni. Nikasema shikamoo. Akatoa tochi kwanza, ndipo akaitikia.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, Mzee."

"Basi shika huu waya. Usiuachie mpaka nikwambie."

Niliushika karibu saa nzima. Wiki kadhaa baadaye, nilipoanza kuzijua nyaya, nikagundua kwamba ule haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Alitaka tu kuona kama nitauachia. Huyo ndiye Mzee Msengi, mtu wa Iramba, aliyenifundisha kazi, na kila nitakachoandika hapa kina mkono wake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Koleo la kubana vichwa vya kebo, kipimo cha kujua waya upi umekatika, bisibisi mbili, na brashi ya kupaka rangi ambayo haikuwahi kuona rangi. Brashi ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko vyote. Mnajua upepo wa Singida unavyoleta vumbi mwezi wa nane. Mashine inaweza kuzimika kwa sababu ya vumbi tu, na mtaalamu akitoka Dar atawaambia mnunue mpya. Sisi tulifungua, tukapiga brashi, tukafunga. Nusu ya sifa nilizopata kazini zilitokana na brashi hiyo.

Na kulikuwa na kaunta buku. Mzee alitaka kila unachogusa ukiandike: umegusa nini, kwa nini, na kimetokea nini. Ukizima swichi kwa dakika moja, andika. Ukihamisha kebo, andika. Siku moja nilibadilisha betri ya saa kwenye kompyuta ya mapokezi nikaona ni jambo dogo mno la kuandika. Akanirudisha kutoka getini, mkoba begani, nikaandike. Nilinuna, lakini niliandika.

Sasa niwaambie habari ya handaki.

Hospitali ilipofungua kituo Manyoni, ikawa lazima wagonjwa wa kule waonekane kwenye orodha ya huku, maana wengi walianza kutibiwa kule wakamalizia kwetu. Njia iliyokuwepo ilikuwa ile laini ya kampuni ya simu inayopitisha mambo ya kila mtu. Majina ya wagonjwa huwezi kuyapitisha hivyo, wazi. Mzee akachukua mashine mbili kuukuu, moja akaiweka kwetu na nyingine Manyoni. Kazi yake ilikuwa kila kinachotoka kiingizwe kwenye kasha lililofungwa kwa siri, kisafiri hivyo, kifunguliwe upande wa pili tu. Ninyi mnaiita VPN. Mzee aliita handaki, na sisi wote tukamfuata.

Alitumia mfumo endeshi wa bure, mmoja mdogo, mkali, usio na madoido. Aliupenda sana. Alisema ni mfumo wa watu wanaosoma kabla ya kuandika. Alimaliza wiki tatu akiufinyanga, na juu kabisa ya faili la mipangilio ya ulinzi akaandika mstari mmoja: *Usiguse bila kuniambia. Msengi.*

Upande wa Manyoni mashine ile ilikaa kwenye chumba cha maabara, mezani kwa Zuhura. Zuhura alikuwa fundi maabara, mdogo kwangu kwa kama miaka kumi, mzaliwa wa Sekenke. Mama yake alikwenda kule kuuza vitenge kwa wachimbaji, akabaki. Alikuwa mwepesi wa kushika. Nilimfundisha kwa simu kuwasha, kuzima na kusoma zile taa za kijani, na tangu hapo Manyoni sikwenda ila mara moja kwa mwaka. Umeme ulikuwa unakatika mara nyingi, na kila ukirudi alilazimika kuingiza nenosiri upya huku wagonjwa wakimsubiri. Akanilalamikia. Nikamwambia Mzee, tukakubaliana kwamba kompyuta ya Zuhura isiulizwe nenosiri. Anayepita handakini ni wa nyumbani. Orodha ingefunguka yenyewe, na kumbukumbu za mashine zingeandika jina la Zuhura.

Uamuzi huo ulikuwa wetu wawili, na siku ile tuliuona wa busara.

Handaki lilikaa miaka. Halikutusumbua. Mzee akazeeka, mimi nikapata miwani, na ikafika wiki yake ya mwisho kazini. Sherehe ya kumuaga ilipangwa Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, nilifungua barua pepe nikakuta tangazo kutoka kwa watengenezaji wa ule mfumo. Walikuwa wamegundua kasoro kwenye sehemu inayoshughulikia mahandaki. Nitaieleza kwa lugha ya getini. Mlinzi ameambiwa awapitishe watu wote wenye sare ya Manyoni, kwa kuwa hao hutokea mlango wa handaki. Lakini mlinzi huyu alikuwa anaangalia sare tu. Hakuwa anaangalia mtu ametokea mlango gani. Kwa hiyo aliyesimama barabarani akajishonea sare ya Manyoni alipitishwa, akauliza alichotaka, akajibiwa palepale aliposimama, bila kasha wala siri.

Kiraka chenyewe cha kuziba kasoro hiyo kilihitaji mashine izimwe na iwashwe. Ila walitoa na dawa ya muda: mstari mmoja kwenye faili la ulinzi, unaosema kwamba chochote kinachodai kimetoka handakini na hakikupita handakini, kitupwe.

Nilifanya ambacho hata ninyi mngefanya. Nilijaribu. Laini yetu ya nje tulikuwa tunaichangia na jamaa mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ng'ambo ya geti. Uongozi ulimruhusu kwa kuwa alikuwa anatuchapishia fomu. Nikachukua kompyuta ya mkononi, nikaichomeka kwenye upande ule wa nje, nikajivika anwani ya mashine ya Zuhura. Orodha ya wagonjwa ikafunguka mbele yangu. Sikuulizwa kitu.

Nikafungua faili la ulinzi niweke ule mstari. Juu kabisa maneno ya Mzee yakanitazama: *Usiguse bila kuniambia.*

Nikaenda kumwambia. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, nilinyanyuka nikaenda. Nikamkuta ofisini na katibu wa utawala, wanaandaa wasifu wake wa kusomwa Jumamosi. Katibu alikuwa anaandika kwa kalamu nyekundu, akinyanyua kichwa kila baada ya sentensi. Akanisomea kipande: "Mzee wetu ndiye aliyejenga njia ya siri ya mawasiliano kati ya Singida na Manyoni, ambayo tangu ijengwe haijawahi kupenywa." Mzee alikuwa anatabasamu akiangalia viatu vyake. Sikumbuki kumwona akitabasamu hivyo tena.

"Ulikuwa na jambo?" akaniuliza.

"Ni habari ya viti, Mzee. Viti vya Jumamosi. Havitoshi."

Hivyo tu. Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga faili. Nilijiambia, mtu mzima anaagwa mara moja. Siku tano tu. Nani wa Singida hii atasoma tangazo lile? Na kuweka mstari kimyakimya, bila kumwambia, niliona ni kumdharau. Mtu yuko ofisini bado ana meza yake, wewe unakwenda kuziba kazi yake kwa nyuma kama mwizi. Wazee wangu walinilea hivyo. Huendi kwa mkubwa wako na aibu yake mkononi wiki anayopongezwa. Unasubiri, unamkalisha, unamweleza taratibu. Nilikuwa na adabu nyingi sana wiki ile, Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi Zuhura akanipigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Za Manyoni?"

"Salama. Dada, mbona huku pananichanganya? Nimeangalia kumbukumbu, inasema jana saa nne asubuhi nilifungua orodha ya kliniki ya siri. Yote, mpaka mwisho. Na jana mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye maziko ya mama mdogo, mganga mfawidhi ameniruhusu kwa mdomo. Chumba nilifunga na ufunguo nilikwenda nao."

Nilijua palepale. Naomba msije mkanitetea hapa kwamba labda sikuwa na uhakika.

"Pole kwa msiba," nikamwambia. "Hiyo ni saa ya mashine tu, imekosea. Betri imechoka. Nitaangalia Jumatatu."

"Haya dada. Nimeona nikwambie wewe kwanza."

"Umefanya vizuri."

Ijumaa nilishughulika na viti. Jumamosi tulimuaga Mzee. Alipewa beberu, shuka za Kimasai na saa ya ukutani, na katibu akasoma wasifu. Mimi nilizungumza kwa niaba ya idara. Sikuwa nimepanga kulitaja handaki, lakini watu walipiga makofi pale katibu alipolitaja, na mimi nikalirudia: halijawahi kupenywa. Mke wa Mzee akapiga vigelegele.

Jumatatu nikaweka ule mstari. Ilinichukua dakika nne, pamoja na kuujaribu. Jioni nikaweka na kiraka. Kwenye kaunta buku nikaandika: *Matengenezo ya kawaida.* Ilikuwa mara ya kwanza kulidanganya daftari lile.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa Manyoni alikwenda dirishani kituoni, akainama, akamwambia muuguzi kwa sauti ya chini kwamba wifi yake amemtajia tarehe zake za kliniki. Tarehe tatu, zote sahihi. Ugonjwa wenyewe siutaji, si wangu kuutaja. Mama yule hakurudi tena kuchukua dawa. Walimtuma mhudumu wa afya kwake mara mbili, akamkuta nyumba imefungwa.

Ikaundwa kamati. Kamati ikaomba kumbukumbu, na kumbukumbu zikasema Zuhura. Jumatano, saa nne asubuhi, orodha yote. Zuhura akasema alikuwa mazikoni. Mfawidhi wake akaulizwa kama alimpa ruhusa; akaogopa kwa kuwa hakuiandika, akasema hakumbuki. Zuhura akasema ufunguo alikuwa nao yeye. Wakaandika hilo pia, na ndilo lililomzamisha: kama ufunguo ulikuwa naye, basi ni yeye, au alimpa mtu.

Nikaitwa kama mtaalamu. Mwenyekiti wa kamati, daktari mmoja mpole aliyependa kumaliza vikao kabla ya chakula cha mchana, akaniuliza: "Inawezekana mtu mwingine akaingia kwa jina la huyu binti bila kuwa chumbani kwake?"

Zuhura alikuwa amekaa mkabala nami, mikono mapajani. Alinitazama kama mtu anayemsubiri ndugu yake ashuke kwenye basi.

"Kwa jinsi mfumo ulivyo sasa," nikasema, "haiwezekani."

Nilikuwa nimeshaziba, kwa hiyo sikusema uongo. Nilijifariji kwa sentensi hiyo miezi mingi. Mwenyekiti akashukuru, akafunga faili. Zuhura aliachishwa kazi mwisho wa mwezi, na barua yake ikasema amevunja siri za wagonjwa. Fundi maabara mwenye barua hiyo hapokewi popote nchi hii.

Yule wa duka la kopi nilimfikiria. Laini ilikuwa ya kwake na yetu, na wifi wa yule mama, aliyekuwa akija Singida mara kwa mara, alikuwa mteja wake. Ushahidi sikuwa nao, na kuutafuta kulihitaji kueleza kwa nini nautafuta. Alikuja kufunga duka mwenyewe akahamia Dodoma. Mpaka leo sijui kama ni yeye, wala alitaka nini.

Ilinichukua miezi saba kwenda kwa Mzee. Alikuwa amejenga nje kidogo ya mji, analima alizeti na kufuga kuku, na nilimkuta anachambua mbegu kwenye ungo. Mkewe akatuletea chai. Nikamweleza yote nikiangalia ule ungo.

"Kwa hiyo lilivuja," akasema.

"Lilivuja, Mzee."

"Wapi?"

Hakuuliza nani wala lini. Nikamweleza wapi. Akafikiri, akachora kwa kidole kwenye vumbi, maboksi mawili na mstari, akatikisa kichwa.

"Hapo sikupaangalia. Ni kweli, pana uwazi." Alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua imeingia dirishani. "Ulipata lini hilo tangazo?"

"Wiki ya kukuaga."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka kukuharibia, Mzee."

"Kuniharibia nini?"

Aliweka ungo chini.

"Mimi niliandika pale juu usiguse bila kuniambia. Niliandika ili mtu aje aniambie! Ungenikuta na yule katibu, ungesema Mzee hapa panavuja, ningekwambia weka huo mstari, halafu tuendelee na hayo mambo yenu ya viti. Kazi gani isiyovuja?" Kisha uso wake ukabadilika. "Na yule binti wa Manyoni? Yuko wapi?"

"Wamemwachisha."

"Wewe ukiwepo?"

"Nikiwepo."

Alimwita mkewe kwa Kinyiramba, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, na mama akatoka na koti la Mzee la kazini, lile la kijivu. Akalikung'uta. Kesho yake saa mbili asubuhi Mzee alikuwa mlangoni kwa utawala, amelivaa, mimi nyuma yake. Alieleza kasoro yote mwenyewe, akasema handaki ni lake na uwazi ni wake. Tulipotoka nje akaniambia, "Ya kwangu nimesema. Sehemu yako utaisema mwenyewe."

Utawala haukutaka makelele. Wakasema nirasimu barua ya kumsafisha Zuhura, wao wataisaini. Nikairasimu. Niliandika kwamba uchunguzi zaidi umeonyesha hakuhusika, kwamba kulikuwa na kasoro ya mfumo *iliyogundulika baadaye*, na kwamba hospitali inasikitika. Neno hilo, baadaye, ni langu. Hakuna aliyenilazimisha.

Niliomba kuipeleka mwenyewe. Basi likanishusha njia panda, nikapanda bodaboda kwenda Sekenke, kule kwenye machimbo ya zamani ambako watu bado wanachokonoa mawe. Zuhura alikuwa amefungua kiduka cha dawa baridi, na yeye yupo nyuma ya kaunta na koti jeupe lilelile la maabara, nembo ya hospitali ameibandua. Akaniamkia. Akanipa kigoda. Hakuna alipokosea, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza.

Aliisoma barua akiwa amesimama. Akairudia.

"Iligundulika baadaye," akasoma kwa sauti. "Baada ya nini, dada?"

Mchimbaji mmoja akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, akataka dawa ya kichwa. Zuhura akamhudumia, akamwambia asinywe kabla ya kula, akamsindikiza kwa macho. Kisha akanigeukia.

"Siku ile nilipokupigia, ukasema ni saa ya mashine. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya tena. Barua ilikuwa upande wangu, imegongwa muhuri.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kreti la soda, akaiweka barua magotini, akaiangalia.

"Nilikupigia wewe kabla ya mfawidhi," akasema. "Mama yangu aliniambia nianze na mfawidhi. Nikamwambia hapana, nina dada yangu Singida, yeye atanieleza vizuri. Kule kwenye kamati nilipokuona unaingia nilishusha pumzi. Nilijua yameisha."

"Nisamehe, Zuhura."

"Mimi nitakusamehe, dada, sina kinyongo cha kukaa nacho. Lakini barua hii siwezi kuipokea." Akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mkubwa wake kitu. "Inasema sikukosa. Haisemi kwamba mtu alijua na akanyamaza. Nikiionyesha hapa, watu watasema kompyuta ilikosea, na kompyuta haina sura. Iandike upya. Uweke na Jumatatu. Ndipo nitaipokea."

"Nitaandika," nikasema.

Sikuandika. Nilirasimu mara nne. Kila rasimu ilipofika kwenye ile siku, nilikumbuka kikao, uongozi mpya, watoto wangu waliokuwa shuleni, heshima yangu mjini, na jinsi watu wanavyonisalimia nikipita sokoni. Mzee aliniuliza kila nilipokwenda kumwona: "Umeandika?" Nikajibu bado. Baadaye akaacha kuuliza, na kuacha kwake kulinitesa zaidi ya kuuliza. Tulimzika mwaka jana. Alikufa akijua handaki lake lilivuja, na lilimsumbua kidogo sana. Lililomsumbua ni mimi.

Ndugu zangu, mtataka mafundisho, maana makala za wastaafu huwa na mafundisho. Kasoro za namna hii zitakuja tena. Hakuna mfumo usio nazo, na wanaozigundua wanazitangaza ili mzizibe siku hiyohiyo. Yasomeni matangazo yao kabla ya chai. Msimpe mashine yoyote imani kwa sababu ya inakotoka tu. Kazi ya mkubwa wako ikivuja, mwambie, hata kama amevaa shada la maua. Mkimwona mtu analaumiwa kwa kosa la mashine mnayoihudumia, na mnajua, simameni palepale kikaoni. Mimi nilikuwa na nafasi nzuri kuliko nyingi mtakazopata, kiti changu kilikuwa mbele ya Zuhura kabisa.

Hili nililoandika mliweke kwenye ukurasa wenu kama lilivyo, msilisahihishe. Nakala moja nimechapa, na nimeisaini kila ukurasa. Keshokutwa nakwenda Sekenke. Kama hataipokea, nitaiacha kaunta.

Kasoro haikugundulika baadaye. Niliijua Jumatatu. Zuhura alinipigia Alhamisi, nikamwambia ni saa ya mashine.